Kisutu kwenye Njia ya Tatu

Bibi yake Mfaume Kindamba alikufa tena siku ya Jumanne.

Kwa kweli marehemu wa watu alikufa mara moja tu, miaka mingi nyuma, kijijini Umwe, na Mfaume mwenyewe alishuka kaburini kumpokea. Hizo nyingine zote alikufia redioni.

"Ndugu Abdillah Kindamba wa Umwe, Rufiji, anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi kilichotokea ghafla. Mazishi Nyamisati. Habari zimfikie mjukuu wa marehemu, Mfaume Kindamba, popote alipo."

Popote alipo palikuwa hotelini Kariakoo, na mjukuu wa marehemu alikuwa na kipande cha chapati mdomoni.

Hoteli nzima ikamgeukia. Walimjua jina. Mfaume akainamisha kichwa kama mtu aliyevunjika, maana kipaji hicho anacho. Mpishi akamwekea chapati nyingine, akasema ale tu, huko msibani hajui atakuta nini. Mfaume akala yote, kwa huzuni.

Nyamisati maana yake kazi iko huko.

Ghafla maana yake ondoka sasa hivi. Tangazo likisema "baada ya kuugua kwa muda mrefu," jasusi anapata hata nafasi ya kupiga pasi shati.

Pikipiki yake, Honda XL, ilinguruma. Bastola ya Makarov chini ya kiti. Kamera ya Olympus ndani ya chupa ya chai. Redio ya Motorola chini ya sanduku la spana. Mpaka Kibiti alikuwa na mchanga hata kwenye meno, na hapo ndipo redio ilipokoroma.

"Mjukuu. Pole na msiba."

Sauti ya Bi Eufrasia, mkubwa wake wa kazi. Mama huyu zamani alifundisha hesabu huko kwao Ruvuma, na mpaka leo akikusemesha unajiona umesimama ubaoni na chaki.

"Nishapoa, Mama. Nani amekufa safari hii?"

"Tembo. Wengi."

Akamweleza kwa ufupi. Chini ya Nyamisati, kwenye mkono mmoja wa mto, kuna kiwanda cha kusindika kambamiti. Mwenyewe ni mgeni anayeitwa Dressel. Pembe za ndovu zinashuka kutoka juu, zinaingia kiwandani, zinatokea baharini zimelala na kamba kwenye barafu. Wamekagua meza, wamekagua friza, wamekagua hata choo. Safi. Kesho Dressel anapakia mzigo mkubwa kuliko yote na kuondoka nao yeye mwenyewe. Ukitoka huo, basi, ndiyo mpaka kiama.

"Nataka kujua unatokea wapi," alisema Bi Eufrasia. "Na nataka usitoke."

"Peke yangu?"

"Polisi watakuja nikisikia neno lako. Na ndani kuna mtu wetu."

"Nani?"

"Jina hulihitaji. Ndiyo usalama wake."

"Yeye langu analijua?"

Redio ikakoroma kidogo, kama mtu anayetafuta uongo mdogo.

"Fanya kazi, Mjukuu. Nakata."

*

Asubuhi ya Jumatano Mfaume aliingia kiwandani akiwa ni Fundi Salehe, kutoka Dar, amekuja kutazama mkanda wa mashine.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila kitu kilikuwa kinaingia nchini: mitumba, mikanda ya video, sabuni zenye harufu ya pipi, na mashine ambazo waliozinunua wenyewe waliziogopa. Hii ya Dressel ilikuwa ya kutembeza maboksi. Mkanda mpana wa mpira unakwenda, na juu yake kuna kingo za chuma zinazougawa katika njia. Boksi likiwa dogo, unazungusha gurudumu la mkono, kingo zote zinabana kwa pamoja. Boksi likiwa kubwa, unazungusha upande wa pili, zinapanuka. Gurudumu moja tu. Mtoto angeweza.

Tatizo lilikuwa namba. Ule utepe wa vipimo pembeni ya gurudumu ulikuwa umeliwa na maji ya chumvi, haukubaki hata mstari. Mzungu aliandika barua kwao kuomba mwingine. Wanawake wa kiwandani hawakungoja barua. Walifunga vitambaa kwenye chuma: bafta nyeupe, hapo ndipo mshale usimame kwa maboksi madogo. Kaniki nyeusi, hapo kwa maboksi makubwa. Kazi ikaendelea, na ule utepe haukuja mpaka leo.

Mfaume alilala chini ya mkanda na tochi. Njia ya kwanza ilikwenda friza. Njia ya pili ilikwenda mezani kwa bwana afya. Ukingo wa mwisho ulikuwa umebanana na ukuta wa mashine, na nyuma yake kulikuwa na pazia la mpira.

Akatia mkono. Upepo wa mto ukampiga vidole.

Kumbe ndivyo. Ukipanua kupita kaniki, mpaka mwisho kabisa, njia ya tatu inafunguka pembeni. Kitakachopita humo hakioni meza wala friza. Kinatokea gatini moja kwa moja. Halafu unabana kingo, na njia haipo tena. Mkaguzi anakuja, anakuta ukuta.

Alikaribia kucheka. Aliinua tochi atazame alama ya wanaopanua mpaka huko.

Ilikuwepo. Kitambaa cha tatu.

Chekundu, cheusi na cheupe, kimefungwa fundo dogo.

Kisutu.

*

Sasa ndugu msomaji, kama hukuzaliwa pwani, kaa hapa kidogo. Kisutu si kanga ya kupangusia vyombo. Ni nguo ya bibi harusi. Mwanamume akipeleka posa, kisutu kimo. Mwanamke anakitunza na udi, na hakichani. Akikichana, amekwisha kumzika mtu moyoni, na hakuna arobaini.

Na hiki Mfaume alikijua. Pindoni kilikuwa na doa la wino, ncha ya sindano tu, la kalamu yake mwenyewe iliyovuja mfukoni siku aliyokipeleka Mbwara kwa binti Mwinjuma.

Zamda binti Mwinjuma.

Miaka minane. Walikuwa wamepanga ndoa baada ya mfungo. Kabla ya mwezi kuandama, gari lilimchukua Mfaume usiku, akapelekwa ng'ambo kufundishwa kazi hii, na sharti la kwanza la kazi lilikuwa usiage mtu. Hakuaga. Aliporudi alikuwa ni mjukuu wa marehemu asiyekwisha kufa.

"Fundi, umelala au umekufa?"

Akatoka chini ya mkanda akiwa na grisi puani. Mbele yake kulikuwa na buti nyeupe za mpira, aproni, na kilemba. Juu ya vyote hivyo, uso ule.

Zamda ndiye alikuwa msimamizi wa njia. Gurudumu lilikuwa lake.

Hakushtuka. Hilo lilimuuma Mfaume kuliko kama angempiga kofi. Pembeni alisimama Abdurahmani, nyapara wa Dressel, mtu mnene mwenye redio kiunoni, anamenya chungwa na kusikiliza kila kitu.

"Njia zetu umezionaje?" Zamda aliuliza.

"Nzuri."

"Alama zote umeziona?"

"Zote."

"Hata ile ya tatu?"

"Hata ya tatu."

"Na umeijua?"

Mfaume akajipangusa pua, akaiongezea grisi. "Naijua. Niliinunua miye."

Abdurahmani akaacha kumenya chungwa. Zamda akacheka, akamwambia nyapara kwamba mafundi wa Dar ndivyo walivyo, kila kitambaa cha mwanamke wanadai wamekinunua wao. Abdurahmani akacheka naye.

Halafu Zamda akamtazama Mfaume, mara moja, moja kwa moja.

"Basi umeelewa," akasema.

"Nimeelewa vizuri sana, dada."

Akaondoka na buti zake. Hakuna mtu aliyeelewa vibaya zaidi siku hiyo katika Rufiji nzima.

*

Alijifungia stoo ya barafu. Motorola mdomoni.

"Mama. Mlango nimeupata. Njia ya tatu ya mkanda, inatokea gatini."

"Vizuri. Nani anaufungua?"

Mfaume akafungua mdomo.

Jina lilikuwepo, liko ulimini, herufi tano tu. Lakini alipotaka kulitoa aliona kile kitambaa kimekazwa fundo kwenye chuma, akaona mwanamke amekaa na mkasi, anachana bila hata kutetemeka, ili watu wapitishe meno ya wizi. Nguo yake. Ya uchumba wake. Kama kitambaa cha kushikia sufuria.

"Mjukuu? Nani anaufungua?"

Akaizima redio.

Angelitaja tu. Neno moja. Lakini moyo uliouma ni kama mtoto mgonjwa, haukubali kulishwa.

Na jambo jingine. Bafta ilikuwa imekakamaa kwa chumvi kama samaki mkavu. Kaniki vilevile. Kisutu kilikuwa laini, kinanukia udi, hakijagusa maji hata siku moja. Kilifungwa asubuhi ileile. Jasusi aliyefundishwa na mabingwa wa nchi tatu, anayeweza kukwambia sigara imezimwa lini kwa kuitazama, aliligusa fundo lile kwa vidole vyake asione kitu.

Alirudi kwenye mkanda wanawake walipokwenda kunywa uji. Hakukata waya wala hakutega baruti. Alilegeza fundo la kisutu, akalisogeza upande wa kubana, upana wa vidole viwili, akalikaza.

Ndiyo hivyo tu.

Njia ya tatu itafunguka, lakini si vya kutosha. Mzigo utaingia, utanasa, na mota itaendelea kusukuma. Na aliyezungusha gurudumu ataulizwa na wenzake.

Na waulizane, alijisemea. Wao kwa wao.

*

Adhuhuri bwana afya aliitwa ofisini kwa Dressel kunywa kahawa, kama alivyoitwa kila mara maboksi fulani yalipofika. Abdurahmani akafunga mlango mkubwa. Mzigo ukasogezwa: maboksi marefu, mapana, yenye picha ya kamba anayetabasamu. Kiwanda hakikuuza boksi la ukubwa ule popote duniani.

Zamda akashika gurudumu.

Mfaume alikuwa juu ya ngazi, spana mkononi, anajifanya anakaza nati ya taa. Alimwona akizungusha. Mshale ukapita bafta. Ukapita kaniki. Ukakaribia kisutu.

Ukasita.

Aliyefunga fundo hulijua fundo lake. Zamda alitazama kile kitambaa, akatazama kingo, akajua kimesogezwa. Akainua macho juu ya ngazi.

Akatabasamu.

Lilikuwa tabasamu la mtu aliyengoja sana kituoni na sasa ameona gari. Mfaume hakujua alifanyie nini. Lilimpita kama lugha ya kigeni.

Zamda akausimamisha mshale kwenye alama mpya, barabara, akainua mkono: twende.

Boksi la kwanza likaingia. Likanasa.

La pili likalipiga la kwanza kisogoni. La tatu likapanda. Mota ikalia kama ng'ombe. Abdurahmani alipiga kelele zime, zime, na Zamda akawa hasikii, ameiziba swichi kwa mgongo wake. Boksi likapasuka. Barafu, kamba, na katikati yake kipande cha pembe kikaruka, kikateleza sakafuni mpaka kwenye buti za wanawake. Kikaja kingine. Na kingine.

Mlango wa ofisi ukafunguka. Bwana afya na kikombe chake. Nyuma yake Dressel.

Dressel alikuwa na Beretta mkononi. Hakuuliza swali. Alitazama gurudumu, akamtazama aliyesimama mbele yake.

Mlio mmoja.

Zamda alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka kusimama.

Mfaume alifika sakafuni bila kugusa ngazi. Spana ilimwangukia Abdurahmani, na Abdurahmani akaangukia kamba. Dressel alikwisha kupita kwenye pazia la mpira, anakimbilia gatini, kwenye boti yake ya faiba yenye Yamaha mbili.

Mfaume alipiga goti. Aproni nyeupe ilikuwa inabadilika rangi.

"Mfaume." Miaka minane, na akalitaja kana kwamba alilitaja jana. "Umechelewa weye."

"Nyamaza, usiseme."

"Kaa hapa. Usimkimbize. Maji..."

Akakosa pumzi. Mfaume alisikia kishindo cha injini nje. Yamaha ya kwanza. Ya pili. Na yale yote aliyofundishwa, miaka minane, yakamwinua kama mkono wa mtu: mzigo usitoke, mtu asitoke, mengine baadaye.

Alichomoa Makarov iliyokuwa kiunoni akakimbia.

*

Gati ilikuwa inakwenda mbele, halafu inaishia hewani.

Mto haukuwepo.

Ilikuwa bamvua, na maji ya bamvua yakitoka yametoka kweli. Pale palipokuwa na mto palikuwa na tope jeusi linalong'aa, mizizi ya mikoko, na kaa wekundu wanaotembea kama wenye shamba. Mzigo ulikuwa unapakiwa muda huo na kungoja maji ya jioni. Boti ya Dressel ilikuwa imelala ubavu, Yamaha zote mbili zinapiga tope kama mashine ya kusaga nyama. Mwenyewe alikuwa ameshuka akimbie. Tope lilikuwa limemshika mapajani, na Beretta ilikuwa imezama huko.

Asingefika popote. Asingefika popote mpaka jioni.

Mfaume alikuwa mtoto wa delta. Tangu ana meno ya utoto alijua maji yanatoka lini kwa kunusa tu. Kila mwanamke mle kiwandani alijua. Zamda alijua, na alimwambia.

Maji yametoka. Kaa hapa.

"Nisaidie, tafadhali," Dressel alisema kwa Kiswahili kizuri tu. "Nazama."

"Huzami, bwana. Tope la huku halimezi mtu. Linamshika tu, mpaka ajue alikosea nini."

Hakumpiga risasi. Alimwacha na kaa.

Alirudi mbio zaidi ya alivyokwenda.

Wanawake walikuwa wamekaa duara. Mmoja mtu mzima, Bi Waride, alikuwa na kichwa cha Zamda mapajani na mdomo sikioni mwake, anamsomea shahada, taratibu, tena na tena, ingawa haikuwa na wa kuisikia tena.

Mfaume alisimama na bastola yake kama mtu aliyebeba mwiko.

"Amekwenda sasa hivi," alisema Bi Waride. "Alikuwa anatazama mlango."

Halafu yule mama akavuta kikapu cha Zamda. Ndani yake, chini ya bakuli la uji, kulikuwa na kisutu. Doti yote, imekunjwa, inanukia. Kilichokosekana ni ukanda mwembamba wa pindoni.

Bi Waride akasimulia huku anakikunjua. Jana walikuwa wanasikiliza redio, wanamenya kamba, likaja tangazo la msiba. Wenzake wakasema masikini, na Zamda akaanza kucheka mpaka machozi. Akasema, bibi yake Mfaume amekufa tena. Miye nilimkosha maiti kwa mikono yangu, na kila mwaka wanamuua. Basi anakuja. Leo asubuhi akaja na nguo hii, akaikata ukingoni, akafunga pale. Akasema yuko mtu mmoja tu duniani ataijua.

Wakamfunika nayo.

Motorola ilikuwa imefunguka yenyewe wakati wa purukushani, au mkono wake ndio uliofungua, hakumbuki.

"Mjukuu. Jibu."

"Nipo."

"Mzigo?"

"Uko sakafuni."

"Dressel?"

"Yuko topeni."

"Kazi nzuri." Bi Eufrasia alivuta pumzi, ya kwanza siku nzima. "Na mtu wetu wa ndani? Huyu mwanamke mkaidi. Alikwenda mwenyewe kwa watu wetu Kibiti mwaka jana, akasema anataka kuonana na wale wanaomuua bibi yake Mfaume redioni. Zamda binti Mwinjuma. Yuko salama?"

Bwana afya alikuwa bado ameshika kikombe chake.

"Mjukuu? Yuko salama?"

"Amefunikwa, Mama," Mfaume alisema.

*

Walimzika Mbwara siku ya pili. Polisi walikuwa wamekuja jana yake, kabla ya maji kujaa, na Land Rover mbili, wakamng'oa Dressel kwa kamba za nailoni, wakahesabiwa wao ushindi, ndivyo kazi ilivyo. Mfaume alisimama nyuma ya watu, akatupa udongo wake, na hakushuka kaburini kwa kuwa hakuwa mume wala ndugu.

Huseni, kaka yake Zamda, alimtambua. Alimtazama muda mrefu, mikono ina udongo.

"Uliondoka bila kuaga," akasema. "Leo umekuja kuaga."

Hakusema kwa ubaya. Mfaume aliomba moyoni angesema kwa ubaya.

Usiku ule alimpigia Bi Eufrasia akamwambia anataka tangazo. Mama alimkumbusha kwamba likisomwa hilo, na jina lake mwenyewe kando ya la Zamda, wauza pembe watalijua, basi bibi hawezi kufa tena. Njia ile ya kuitana imekufa. Miaka ya kazi.

"Aache kufa," Mfaume alisema. "Na yeye apumzike."

Mwalimu wa hesabu akasema, kwa sauti ambayo Mfaume hakuwahi kuisikia, kwamba amesikia.

Ijumaa alikuwa hotelini Kibiti. Mbele yake chai, chapati, na redio ya mwenye hoteli juu ya rafu.

"Ndugu Mfaume Kindamba wa Umwe, Rufiji, anasikitika kutangaza kifo cha mchumba wake, Zamda binti Mwinjuma, kilichotokea ghafla. Amezikwa Mbwara. Habari ziwafikie wote waliomjua, popote walipo."

Hakuna aliyegeuka. Hapa hawakumjua jina. Mwanamke aliyekuwa akikaanga alisikitika peke yake, akasema wallahi dunia, mchumba wa watu, hata hawakuoana. Akamuuliza mteja wake kama chapati haijaiva vizuri, mbona hali.

"Imeiva, mama. Nzuri sana."

Akavaa miwani yake ya Ray-Ban humohumo ndani, kabla ya kufika mlangoni. Mfukoni vidole vilikuwa vimeshika ukanda wa nguo wenye fundo moja. Aliuchomoa kwenye chuma, lakini fundo lenyewe alikuwa hajalifungua.

Honda ikawaka kwa teke moja. Alipita soko la Kibiti taratibu, shingo wima, mkono mmoja, kama mtu asiye na haraka na asiye na pa kwenda.

Chapati ilibaki sahanini.